Watu wa Pembeni ya Kitabu

Mwaka 1955, pale biro, yaani ofisi ya serikali, Goma, tuliambiwa kitabu kimekufa. Hayo ni maneno ya Bwana Delvigne, Mbelgiji aliyeletwa kutoka Bukavu kupanga upya habari zote za watu: "Kitabu kimekufa. Sasa ni fishi." Fishi ni karatasi ngumu, moja kwa kila baba, yenye vyumba vya mistari: jina, kilima anachokaa, mke, watoto. Zote zingepangwa katika droo za chuma, na mtu yeyote angepatikana kwa dakika moja. Mimi nilikuwa karani wa pili. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sabuni dukani, kwa hiyo niliogopa kufungua kinywa mbele ya mwenye diploma. Woga ule unanichoma hadi leo.

Karani wa kwanza, papa Kamate, mzee wa Butembo, alikuwa ametunza vitabu vya watu miaka kumi na saba. Yeye hakuogopa.

"Bwana," alisema, "pembeni ya kitabu kuko watu."

"Watu wakae ndani ya vyumba," Delvigne akajibu, akacheka peke yake.

Huku kwetu mama hamhesabii mgeni watoto wake wote. Kuwahesabu ni kukionyesha kifo njia ya nyumbani. Karani akiuliza, mama anamficha mmoja, mara nyingi yule aliyeponea chupuchupu. Papa Kamate aliijua desturi hiyo. Aliandika idadi aliyoambiwa, akangoja, na siku mama alipokuja kwa shauri jingine akamuuliza kwa sauti ndogo, kisha akaandika pembeni kwa penseli: kuna mwingine, na jina lake.

Fishi ya Delvigne haikuwa na pembeni. Amri ilikuwa tunakili vyumba tu, penseli tuiache. Tulinakili miezi minne. Vitabu vilivyokwisha nilivibeba mwenyewe hadi shimoni nyuma ya biro, nikavitia moto. Mikono hii hii. Papa Kamate alisimama dirishani akitazama moshi. Wiki ile ile alirudi kwao bila kuniaga.

Mei ya mwaka uliofuata akaja Mukamurenzi, mke wa Hitimana wa Kibati, amemshika mkono binti yake Dancille, mwenye miaka kumi na mmoja. Macho ya mtoto yalikuwa yanaingia ukungu. Munganga wa hospitali ya Goma alikuwa amewapa barua: waende Bukavu, kuna munganga wa macho atakayekaa huko hadi mwisho wa Juni. Akiondoka, basi. Na ili kupanda meli ya ziwani ilitakiwa ruhusa ya safari, ambayo tuliiandika kwa kufuata fishi.

Nikavuta droo. Kweli, dakika moja haikuisha. Hitimana, Kibati. Mke, Mukamurenzi. Watoto watano. Dancille hayumo.

"Mama, ulisema batoto batano."

"Nilisema batano. Ule muzee aliandika wa sita pembeni, nilimuona akiandika. Fungua kitabu."

"Kitabu kiliungua, mama."

"Nani alikichoma?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

Nikaenda kwa Delvigne. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alinionyesha mpango wake ukutani kwa rula.

"Kumwingiza mtu kuna milango miwili. Amehamia, au amezaliwa. Huyu amehamia?"

"Hapana, Bwana."

"Basi amezaliwa."

"Bwana, ana miaka kumi na mmoja. Andika barua moja tu, kwa mkono wako."

"Nikimwandikia mmoja, kesho watakuja mia, na fishi hazitakuwa na maana. Mlango wa kuzaliwa unapokea tarehe ya mwaka huu tu. Andika."

Na mimi, kwa mwandiko wangu mzuri niliojivunia, nikaandika: Dancille, amezaliwa 14 Mei 1956. Nikaitoa ruhusa ya safari. Nilijiambia labda pale bandarini hawasomi.

Walisoma. Niliwasindikiza, nikayaona yote.

"Mama na mutoto muchanga," polisi akasema. "Muchanga iko wapi?"

"Ni huyu," Mukamurenzi akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akapaza sauti: "Eeh, mama! Hiyo maziwa yako ni ya namna gani? Utugawie na sisi!"

Polisi naye alicheka, akapangusa machozi, kisha akawatoa kwenye mstari. "Huyu si mwenye karatasi." Nikamwambia mimi ndiye niliyeiandika. "Basi, karani, uliandika uongo," akanijibu. Meli ikaondoka. Dancille aligeuza uso kuufuata mlio wake.

Kesho yake Delvigne alisikiliza yote, akatazama ukuta.

"Tutalifuta kosa. Kumtoa mtu pia kuna milango miwili: amehama, au amekufa. Mtoto mchanga hahami peke yake. Mama aweke kidole kwamba mtoto amekufa, kisha nitaomba Bukavu waniruhusu kumwandika upya."

Nikamtafsiria mama, aliyekuwa amesimama kando yangu. Kibweta cha wino kilikuwa mkononi mwangu, kimefunguliwa. Mukamurenzi alikitazama, akauficha mkono wake chini ya kitenge.

"Nilimuficha ili kifo kisimujue," alisema. "Sasa unataka nimupeleke kwake mimi mwenyewe, na kidole changu? We karani, uko na mama?"

Nikakifunga kibweta. Juni ikaisha.

Mwaka 1959 wakaja wakaguzi wawili kutoka Bukavu. Walifungua droo, wakalinganisha jumla, wakasifu: hakuna kosa hata moja. Mmoja akavuta fishi ya Hitimana wa Kibati, akasoma kwa sauti, "Dancille, miaka mitatu," akairudisha mahali pake.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimepita Kibati. Dancille alikuwa ameketi mlangoni kwao, anamenya maharagwe. Alinitambua kwa kikohozi changu.