Upinde wa Kumshinda Shemeki

Kanga alikuwa mmoja, na kanga mmoja ana firigisi moja. Godelive aliitoa kwenye chungu kwa mwiko, akaipuliza, kisha akaiweka kwenye sahani ya mdogo wake Adolphe. Mume wake Vital, mwenye nyumba, alinyoosha mkono kwenye ugali kana kwamba hakuona kitu. Lakini aliona. Hata binti yao Falone, mwenye miaka sita, aliona.

"Mama, ile si ya papa?"

"Ni ya ule aliyeua," Godelive alijibu bila kuinua uso. "Papa yako atakula bawa."

Pale mtaani Ngezi, kama katika nyumba nyingi za Bunia, mashariki ya Kongo, jambo hilo halikuwa dogo. Mgeni unaweza kumpa paja, mchungaji unaweza kumpa kidari, lakini firigisi ni ya baba wa nyumba. Yeye akipenda atamkatia mtoto kipande. Asipopenda, hakuna wa kumuuliza. Vital alikuwa mchinjaji kwa miaka kumi na mitano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa mtu, kwa maana nani asiyelijua?

Ila hiyo ilikuwa kabla ya vita. Mwaka ule wa elfu mbili na mbili ng'ombe walikuwa wamekwisha kuporwa vilimani, barabara zilikuwa zimefungwa, na meza ya Vital sokoni ilibaki na nzi, na baadaye hata nzi waliihama. Adolphe alifika akikimbia kutoka Kilo, alikokuwa anachimba dhahabu. Alikuwa na shati moja tu mwilini. Wakamtandikia mkeka sebuleni. Wiki za kwanza alikula akiwa ameinamisha macho, na Vital alimpenda sana siku hizo. Ni rahisi kumpenda mtu anayekuhitaji.

Kisha Adolphe akajifunza upinde.

Sasa kila wiki alirudi na kitu: kanga, sungura, au simbiliki, yule panya mkubwa wa mateteni ambaye nyama yake ina mafuta. Majirani walianza kumsalimu Adolphe kwanza wanapopita, ndipo wamsalimu Vital. Kila asubuhi Vital alipiga magoti, na alipofika mahali pa kusema, "Bwana, mbariki shemeki yangu," ulimi ulikwama kama gurudumu kwenye matope. Aliomba nyama, na nyama ilikuja. Ilikuja kwa mkono wa mwingine, na kushukuru kukawa kugumu kuliko kuomba.

Baada ya firigisi ile, Vital alilala vibaya. Asubuhi alichukua ngozi ya mbuzi aliyokuwa ameihifadhi, akaenda kwa mzee Étienne.

Étienne alikuwa mtu wa upande wa Epulu, aliyekulia msituni. Vita vilimsukuma hadi Bunia, akapata kibanda nyuma ya kanisa moja dogo, na hapo alichonga pinde na kufundisha watu. Bunduki hakuna aliyethubutu kuigusa. Mtu akikutwa nayo alihesabiwa kuwa askari wa upande fulani, na upande huo ungekuwa daima ule mbaya. Adolphe alikuwepo pia asubuhi ile, ameketi juu ya jiwe, anachomeka jani gumu kwenye mkia wa mshale, maana mishale ya Étienne haikuwa na manyoya ya ndege. Jani ndilo lililounyoosha mshale angani.

"Karibu, baba," Étienne alisema. "Unatafuta ya kuanzia?"

"Natafuta upinde."

"Ndiyo ile nasema. Ya kuanzia."

Mzee alitandaza turubai, akaweka pinde tatu. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, wa rangi ya asali, wala haukufika kifuani kwa Vital. Wa pili ulifanana na ule wa Adolphe. Wa tatu ulikuwa mweusi, mnene katikati kama mkono wa mtoto, na kamba yake, iliyopasuliwa kutoka kwa kekele, ule mmea unaopanda miti ya msituni, ilikaza hata ukiigusa inalia.

Étienne alimpa ule mwembamba. "Huu. Miezi mitatu. Kiisha utakuja, tutaona."

Vital aliugeuzageuza mkononi. "Hii iko ya batoto."

"Hata mimi nilianza na hii."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Saba," mzee alikiri, na Adolphe akacheka pale juu ya jiwe. Hakuwa na ubaya, kicheko cha kawaida tu, lakini kilimwingia Vital kama mwiba chini ya ukucha.

"Na yeye ulimupa gani?" aliuliza, akimwonyesha Adolphe kwa kidevu.

"Alianza na hii hii. Sasa iko na ya kati."

"Basi mimi nipe ile nyeusi."

Étienne alijikuna shingo. Kwake kulikuwa na desturi moja ya kupima mtu na upinde. Unavuta kamba mpaka taya, unaishika hapo, unasali Baba Yetu yote bila haraka, kisha unairudisha kamba polepole bila kuiachia. Ukifika Amina mkono hautetemeki, upinde ni wako. Mkono ukitetemeka, upinde ni wa mwingine.

"Kuachia mushale, hata mutoto anajua," alimwambia Vital. "Nyama ikikimbia kabla hujapiga, utafanya nini? Utarudisha. Kurudisha ndiyo uwindaji."

Vital aliuvuta ule mweusi. Mabega ya mchinjaji hayakuwa madogo, na kamba ilifika kwenye taya. Akaanza kusali, na kadiri mikono ilivyoungua ndivyo sala ilivyokimbia. Alipofika Amina aliiachia kamba ikapiga kelele, naye akajifanya ameiachia kwa kupenda.

"Umeruka mukate," Étienne alisema.

"Nini?"

"Mukate yetu ya kila siku. Haukuomba. Na makosa pia umeruka. Umetoka mbinguni, umefika Amina moja kwa moja kama ndege ya Entebbe."

Adolphe aliinamia mshale wake akiuma midomo. Vital aliitupa ngozi ya mbuzi juu ya turubai. "Nachukua ile nyeusi, muzee. Ngozi iko nzuri. Unataka ama hutaki?"

Mzee aliitazama ngozi. Alihitaji ngozi ya kutengenezea kinga za mikono, zile zinazozuia kamba isichune ngozi ya mwindaji, na mahali pa kuipata hapakuwapo. Akaichukua. Alimpa Vital upinde mweusi na mishale sita ya mti, yenye ncha zilizokaushwa motoni.

"Chuma aiko?" Vital aliuliza.

"Chuma sitoi. Kwa barrière, kule askari wanasimamisha batu, nani atakubali ni chuma ya simbiliki?"

Wiki mbili Vital alijizoeza uani, akilenga shina la mgomba. Aliweza kuvuta na kuachia kwa haraka, na mara moja moja alipata. Kuvuta na kushika hakuweza. Wala hakumwambia mtu. Adolphe alipomwambia, "Shemeki, ile upinde iko nguvu mingi kwako, tubadilishe siku kidogo tu," Vital aliona mtu anayetaka kumnyang'anya, akamjibu, "Angalia yako." Jioni Godelive aliuliza mkono umefanya nini hata ukavimba. Vital alisema ameugonga mlangoni.

Jumamosi moja alisema mbele ya wote, "Leo naenda na Adolphe. Kanga ya leo nitaleta mimi." Alisema kwa sauti ya baba wa nyumba. Godelive alimtazama Adolphe, si yeye, kama mtu anayeuliza kama ni salama. Vital aliuona mtazamo huo, akaondoka nao hadi mtoni Shari.

Walitoka kama watu waendao kuni. Pinde walizilegeza kamba zikawa fimbo tu, wakazifunga katikati ya mizigo ya matete pamoja na mishale. Baada ya nyumba za mwisho walishuka bondeni, wakafungua mizigo, wakakaza kamba. Majani yalikuwa marefu kupita kichwa. Mbele yao ilipita njia nyembamba, na ng'ambo ya njia, palipoungua moto, kanga watano walikuwa wanachakura majivu.

Adolphe alirudi nyuma hatua moja. "Piga weye," alinong'ona.

Hata hilo lilimchoma. Alitaka kushinda, si kuachiwa. Lakini aliweka mshale, akavuta mpaka taya, akamchagua kanga mkubwa.

Wakati huohuo watu wakaja njiani.

Kwanza sauti, kisha vichwa. Saba, nane, wenye bunduki, wakitembea bila haraka, mmoja akimaliza kula muwa. Walikuwa hatua kumi, kati yake na kanga. Mshale uliokuwa umelenga kanga sasa ulilenga mbavu za watu. Kanga waliruka kwa makelele, na wale watu wakasimama kuwatazama.

Vital aliwaza jambo moja tu: rudisha. Akajaribu. Kamba haikutaka kurudi polepole, ilitaka kurudi yote. Viwiko vilianza kucheza. Jasho lilimwingia machoni. Akatafuta sala na hakupata hata neno la kwanza, akapata tu uzito, na vidole vyake vitatu vikiteleza kwenye kamba, kimoja, kisha cha pili.

Mkono wa Adolphe ulipita mbele ya uso wake, ukaikamata kamba kwa kiganja kitupu. Vidole vya Vital vikaisha nguvu wakati huohuo, na uzito wote wa upinde mweusi ukaangukia kiganja kile. Adolphe hakutoa sauti. Aliirudisha kamba kidogo kidogo, meno yameumana, macho yamefumba, na damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko. Mshale ulianguka kwenye majani laini. Njiani mtu alisema kitu juu ya kanga, wenzake wakacheka, wakaendelea na safari yao.

Wawili hao walikaa chini mpaka sauti za wale watu zikapotea. Kamba ilikuwa imeingia kati ya kidole gumba na cha pili, na nyama nyeupe ilionekana.

"Usiambie yaya," Adolphe alisema, akimaanisha dada yake Godelive. "Nitasema ni matete."

Na alisema hivyo. Nyumbani Godelive alipomwosha kwa maji ya chumvi, alisema, "Matete, yaya. Inakata kama wembe." Kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, na ugali, nyama hakuna.

"Na weye, Baba Falone?" Godelive aliuliza. "Ulikuwa wapi akijikata?"

Jibu lilikuwa tayari limetengenezwa, Adolphe alikuwa amelitengeneza. Vital angelitumia tu na kubaki baba wa nyumba mbele ya mke na mtoto. Alimtazama kijana yule aliyenyoosha kiganja huku chumvi ikimuunguza. Kijana alimshinda kwa shabaha, akamshinda kwa nyama, na sasa alikuwa anamshinda kwa wema, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Wivu wake ulimtaka akubali uwongo ule. Alipoona kwamba ni wivu unaosema, aliogopa, kama mtu aliyeona nyoka mahali alipodhani ni kamba.

"Aiko matete," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote: upinde mzito, sala aliyoirukaruka, mkono uliovimba, njia ya mtoni. Falone aliacha kutafuna. Godelive alibaki ameshika kitambaa chenye damu.

"Juu ya nini, Vital?" Hakuwa amemwita kwa jina tangu Falone azaliwe.

"Juu ya firigisi."

Alitegemea kelele. Mwanamke akasema polepole, "Nilimupa juu alikuwa anakula kama mutu wa kuombaomba. Nilitaka ajue hapa ni kwao. Weye, nilifikiri unajua."

"Hata haikuwa tamu," Adolphe alisema. "Ilikuwa na muchanga ndani."

Hakuna aliyecheka sana, lakini walikula.

Jumatatu Vital aliurudisha upinde mweusi kwa Étienne. Mzee aliupokea. Alitandaza turubai lake, na Vital akainama akachukua ule mwembamba, mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wameegemea ukuta wakitazama na kusemezana. Akavuta, akasali Baba Yetu yote, mkate na makosa, na alipofika kwenye makosa akapunguza mwendo. Kisha akairudisha kamba.

Mkono wa Adolphe ungekaa mwezi bila kuvuta kitu. Nyumba nzima sasa ilikuwa inamtegemea mwanafunzi mwenye upinde wa watoto, na kule uani shina la mgomba lilipigwa mara mbili katika mishale kumi. Adolphe alikaa juu ya jiwe, kiganja kimefungwa, akitazama.

"Kiwiko iko chini, shemeki," alisema.

Ule wivu ukamchoma Vital tena, palepale pa siku zote. Akainua kiwiko.