Bosi Mwenye Adabu

Wazazi wenzangu, mwenye mtoto kazini amwambie asipokee amri kwa sauti tu. Ainuke akamwone mtu. Binti yangu alikuwa anatunza stoo ya magodoro, na yamemkuta.

Bosi wake ni mtu wa matusi. Alipochoka kutukana, akanunua kompyuta yenye akili ya bandia, ikawa inawapigia wafanyakazi simu kwa sauti yake. Sauti ni ile ile, ila ina "tafadhali" na "asante, binti yangu." Stoo nzima ikafurahi. Mimi roho haikutulia, lakini nani amsikilize mama wa darasa la saba?

Jumatatu simu ikalia: "Tafadhali, binti yangu, lori liko getini. Wape magodoro mia mbili." Akafungua. Kumbe ni wezi, nao wameiga sauti. Bosi mwenyewe akaliona lori kwenye kamera, akapiga simu.

"We mbwa, funga stoo! Tunaibiwa!"

"Tapeli mkubwa!" binti yangu akamjibu. "Bosi wetu siku hizi ana adabu." Akakata. Lori likaondoka limejaa.

Jioni sauti ya upole ikapiga: "Pole, binti yangu, kesho usije kazini."

Nikamwambia, "Mwanangu, unajua huyo ni nani? Nenda, bosi mwenyewe akufukuze kwa mdomo wake."

Akaenda. Bosi akamtukana yeye, mimi na ukoo wetu mzima. Binti yangu akashusha pumzi, akamkabidhi funguo.

"Shikamoo, bosi," akasema. "Sasa nimeamini ni wewe."