Maiti Barazani kwa Chidzonga

Walinzi wa Chidzonga walimpiga Tafirei asubuhi, akilima, na kabla jua halijawa kali alikuwa amekufa. Kosa lake? Kulima shamba ambako Mzungu alimfukuza babu yake, na ambalo sisi tulirudishiwa kwa ngoma na hotuba. Tulivuna misimu miwili tu. Kisha akaja Chidzonga, mkubwa wa chama kutoka Harare, na karatasi ya wizara. Akahamia nyumba ile ile ya Mzungu, akarudisha seng'enge ile ile.

Polisi walisema Tafirei alianguka. Dada yake, Muchaneta, aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Basi hatumziki," alisema.

Baraza la chifu lilimuunga mkono. Kwetu aliyeuawa hazikwi mpaka muuaji akiri na kulipa, la sivyo roho yake itawaandama watoto na wajukuu wa muuaji. Tukambeba Tafirei, tukamlaza barazani kwa Chidzonga, kando ya viti vyake.

Chidzonga alitoka na malapa. "Mna wazimu? Ondoeni uchafu wenu."

"Huyo mgeni wako, mkaribishe," Muchaneta alimjibu. "Ama ulitaka uue wewe, harufu tuinuse sisi?"

"Mama, mimi nimepigania nchi hii."

"Na ulipomaliza kupigania ukajipa. Mzungu alituachia angalau tupande kilimani kuwamwagia wazee wetu pombe. Wewe umefunga hata makaburi."

Chidzonga akaita polisi. Walikuja, wakaiona maiti, wakarudi garini; nao wana watoto. Mchana mpishi alifungasha. Jioni walinzi nao wakatoroka.

Kesho yake mama yake Chidzonga alifika kutoka kwao, Gutu. Alipiga magoti mbele ya Muchaneta, akapiga makofi taratibu kama tunavyoomba radhi, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kiri. Usiniachie wajukuu wa kuzika."

Akakiri mbele ya chifu, kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Akatoa ng'ombe. Tukamzika Tafirei kilimani.

Tulipokuwa tunanawa mikono Muchaneta akauliza, "Na shamba, chifu?"

"Damu imelipwa, mama. Ardhi ni ya serikali. Hilo liko juu ya uwezo wangu."

"Juu yako kuna nani? Hawa waliolala kilimani, au wale wa Harare?"

Chifu alifuta mikono yake. Hasira iliyonipanda siku ile sikuwahi kuijua, hata wakati wa Mzungu. Ina maana ndugu yetu ana bei, ila udongo uliomlisha hauna mwenyewe?

Muchaneta alikata seng'enge, akaingia kupanda. Sisi wanawake tukamfuata na majembe. Siku ya tatu polisi walimkamata yeye peke yake, eti kwa uharibifu wa mali. Bado yuko ndani. Wanamwambia asaini kwamba hatarudi shambani, wamwachie.

Nilipompelekea sadza, ugali wetu, jana alikuwa amekonda.

"Mmepalilia?" akaniuliza.

"Tunapalilia, dada."

"Basi sisaini."