Regina wa Nne

Fomu ya kumwandikisha mtoto ilitakiwa kabla ya saa sita mchana, na mimi nilikuwa sijajaza jina. Si kwamba sikuwa nalo. Binti yangu angeitwa Regina, jina la mama yangu, basi. Ila nimefanya kazi maktaba miaka kumi na moja, siwezi kuandika neno nisilojua lilikotoka. Mume wangu huniita Mpelelezi, na wala sikasiriki.

Nikafungua kamusi kitandani, mtoto kalala ubavuni. Mama alikuwa ameketi karibu, akikunja nepi.

"Mama, unajua jina lako ni malkia? Ni Kilatini. Lina undugu na neno la kuongoza, kunyoosha mambo. Warumi walimwita hivyo hata mungu wao wa kike."

"Ehe."

"Sasa sikiliza vituko. Warumi hao hao walishawafukuza wafalme wao, hawataki hata kuwasikia. Basi malkia wa kigeni akitajwa, wengine walilitamka neno hilo kwa kubeza. Wake za watawala wao wakapewa cheo kingine, Augusta. Baadaye sana ndipo malkia wa Ulaya walipolichukua kwa fahari, mpaka kwenye sarafu."

Mama akacheka kidogo. "Kwa hiyo kwanza walilibeza."

"Wengine, ndiyo."

"Hao nawajua."

Nikamwuliza anawajulia wapi. Akaweka nepi chini.

"Nilianza kazi za ndani nina miaka kumi na sita. Mwenye nyumba akanipa aproni, imedariziwa Regina kifuani. Nikamwambia, mama, mimi siitwi hivyo. Akasema watatu walionitangulia waliitikia, na yeye hana muda wa kufumua nyuzi. Nikaitikia miaka tisa. Hata kitambulisho alinishughulikia yeye, akaandikisha hivyo hivyo."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Maisha yangu yote nimejivunia jina la aproni!

"Na hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Lilikulisha, likakusomesha. Andika tu, mwanangu. Si umesema ni malkia?"

Kalamu ilikuwa mkononi, na saa ya ukutani ilishapita tano na nusu. Nikamwuliza jina lake ni lipi.

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Niliona kabisa kwamba analitafuta, na roho iliniuma. Kisha akalitaja polepole, huku akitazama dirisha. Ni jina fupi, alipewa na mama yake. Safari hii sikugusa kamusi. Nikaliandika kwenye fomu, mume wangu akatoka nayo mbio.

Jioni mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mimi nikainama juu ya kitanda cha mtoto, nikamwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza.

"Abee!" mama akaitika kutoka jikoni, upesi, kwa sauti ya msichana aliyeitwa nyumbani kwao.