Wasomaji wa Mto Mzinzi

Hosiana ndiye aliyeona kwanza kwamba namba za mto Mzinzi zimekuwa nzuri kupita kiasi.

Kazi yake katika ofisi ya maji mjini Morogoro ilikuwa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na hakuwa mtu wa kuamini kitu mpaka akikague mara mbili. Asubuhi moja ya mwezi wa nne alimwita Filomena, fundi wa vituo vya mito, akamwekea mezani fomu mbili sambamba.

“Hii ni ya miaka mitatu nyuma. Nisomee.”

Filomena akasoma vina vya maji kwa sentimita. Arobaini. Arobaini na tano. Arobaini. Thelathini na tano.

“Na hii ya mwezi uliopita.”

Arobaini na tatu. Arobaini na mbili na nusu. Arobaini na moja. Thelathini na tisa na nusu.

“Mwandiko ni ule ule,” Filomena alisema.

“Mwandiko ni ule ule, mzee ni yule yule. Miaka kumi na tisa Mzee Mwinjuma anausoma mto kwa tano tano, nimemlalamikia mpaka nimechoka. Kumbe tangu mwaka juzi ananiletea nusu sentimita. Ama amepata macho mapya, ama anakaa barazani anabuni.”

Filomena hakulipenda neno hilo la kubuni. Kituo cha Mzinzi ndicho cha kwanza alichotumwa alipoajiriwa, na Mzee Mwinjuma ndiye aliyemfundisha kuvuka maji yanayokimbia: usinyanyue mguu mpaka ule mwingine umepata jiwe. Lakini alielewa kilichokuwa kinamsumbua Hosiana. Ofisi ilikuwa inaandaa utafiti wa kujua ni maji kiasi gani hushuka kutoka milima ya Uluguru miezi ya kiangazi, na kituo kikigundulika kuwa na namba za uongo kinaondolewa chote, pamoja na miaka yake ya nyuma.

“Nitakwenda mwenyewe,” alisema. “Na sitampigia mzee simu.”

Kesho yake alitoka na pikipiki ya ofisi kabla jua halijachomoza, akapita Bigwa watu wakifungua maduka, akapanda mpaka shule ya msingi ya Lukwale ambako barabara inakomea. Pikipiki akaiacha kwa mlinzi. Akabeba begi la vifaa mgongoni, akashuka kwa miguu kati ya migomba kuelekea mtoni. Saa tatu kasoro dakika chache alifika juu ya ukingo, akasimama.

Mzee Mwinjuma alikuwa anakuja kwa njia nyingine ya ukingo huo huo, mkono wake mmoja uko begani kwa mkewe, Bi Semeni. Walitembea polepole, mke akitaja kila kilichoko mbele: mzizi, jiwe, hapa pana utelezi. Walipofika, Bi Semeni alimkalisha mumewe juu ya jiwe bapa, akajifunga kanga vizuri, akaingia majini mpaka chini ya magoti. Akauinamia ubao wa kupimia, ule wenye mistari ya sentimita, mpaka uso wake ukalingana na maji.

“Hamsini na moja,” aliita.

“Na?”

“Na hakuna. Hamsini na moja kamili.”

Mzee alikuwa ameshafungua fomu mapajani. Bi Semeni akarudi akiwa amelowa, akaweka juu ya karatasi kipande cha boksi kilichokatwa kidirisha chembamba, akauchukua mkono wa mumewe akauweka kwenye kidirisha. Mzee akaandika taratibu, kwa ule mwandiko ambao Hosiana aliujua kwa miaka kumi na tisa.

Filomena akahisi ameona kitu ambacho hakikuwa chake kukiona. Akakohoa, akateremka.

“Shikamooni.”

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti, na hapo Filomena akayaona macho yake: moja limefifia kabisa, jingine linatafuta.

“Marahaba, mwanangu,” Bi Semeni alisema. “Umekuja mapema leo.”

“Ni Filomena huyo,” mzee alisema. “Naijua hatua yake. Kosa ni langu, binti. Huyu nimemlazimisha.”

“Hajanilazimisha,” alisema Bi Semeni. “Hajawahi kuweza.”

Filomena akaketi juu ya begi lake. “Tangu lini, mzee?”

“La kushoto lilizima mwaka juzi. La kulia linaniachia vivuli. Daktari wa mjini alisema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi.”

“Mbona hamkusema?”

“Mkataba unasema msomaji ajue kusoma na kuandika, tena awe na macho mazima,” alijibu Mzee Mwinjuma. “Mimi ninalo la kwanza. Mwenzangu analo la pili. Tukasema tukijumlishwa, tunatimia.”

Filomena alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu ya kazi iliyomleta. “Mama, wewe ubao huu ulifundishwa na nani?”

“Nani anifundishe? Shule nimeishia darasa la pili, lakini nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini. Sentimita nazijua kuliko majina ya wajukuu zangu.” Akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. “Huyu alikuwa anapima mto kama anayekadiria gunia la mkaa. Mtu akinikatia gauni kwa tano tano namrudishia kitambaa chake.”

“Nusu sentimita kwenye mto,” mzee alinung’unika. “Kana kwamba mto unakwenda harusini.”

Filomena aliwaambia kwamba itabidi ausome ubao yeye mwenyewe, kisha apime mwendo wa maji, halafu ndipo ajue cha kuandika kwenye ripoti. Wakasema sawa. Aliusoma, akapata hamsini na moja. Akavaa viatu virefu vya mpira, akafunga utepe wa kupimia kutoka ukingo hadi ukingo, akaingia katikati ya mto na fimbo yenye kifaa kidogo cha kuzunguka, ambacho huhesabu kasi ya maji. Kazi hiyo haitaki haraka. Unasimama, unahesabu, unaandika, unasogea hatua moja, unasimama tena. Wale wawili walibaki ukingoni, wakizungumza Kiluguru kwa sauti ya chini.

Ilipokaribia saa sita alikuwa amebakiza hatua nne. Jua lilikuwa kali, ingawa huko juu kilele kilikuwa kimefunikwa na wingu zito.

“Filomena,” mzee aliita. “Toka majini.”

“Namalizia, mzee.”

“Toka. Sasa hivi.”

Miaka yote hiyo alikuwa hajamwamuru kitu. Filomena aliinua kichwa, hakuona chochote, hakusikia chochote ila mto ule ule. Lakini Bi Semeni alikuwa ameshasimama kwenye maji ya ukingoni, amenyoosha mkono, na uso wake haukuwa na mzaha. Filomena akageuka, jiwe baada ya jiwe, kama alivyofundishwa, akaushika ule mkono, akavutwa nje.

Walipanda ukingo wote watatu. Hazikupita dakika tatu, maji yakaja. Hayakuja kama ukuta. Mto ulibadilika rangi kwanza, ukawa kama chai ya maziwa, kisha ukaanza kuvimba, ukileta majani, matawi, na mgomba mzima wenye mkungu wake. Utepe ulikazwa kama uzi wa gitaa, ukakatika. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na gogo linapita.

Bi Semeni alikuwa ameshauinamia ubao.

“Sabini na tatu,” alisema. “Huandiki?”

Filomena akatoa daftari na simu ya kuangalia saa. Kwa miaka yote ya kituo kile hakuna aliyewahi kuandika mafuriko yakipanda na kushuka, kwa kuwa ubao husomwa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na mto haungoji saa. Sasa yalikuwa mbele yao. Bi Semeni akawa anasoma kila dakika tano, akiinama pembeni ya ukingo, na maji yalipoumeza ubao wa chini akapanda kwenye ule wa pili ulioko juu yake. Tisini na moja. Mita moja na kumi na nane. Mita moja na arobaini na sita na nusu. Filomena alisoma pia kila mara, kwa siri, kabla ya kumsikia. Mara moja tu walitofautiana, sentimita mbili nzima.

“Wewe unaangalia ukiwa umesimama,” alisema Bi Semeni bila kugeuka. “Inama.”

Akainama. Bi Semeni alikuwa sahihi.

Mzee Mwinjuma alikaa nyuma yao, kichwa amekiinamisha upande mmoja. “Yale mawe niliyoyasikia bado yanabingirika chini,” alisema. “Unapanda bado.” Baadaye, maji yakiwa mita moja na themanini na tatu, akasema, “Sasa yametulia. Hautapanda zaidi.”

Ubao ukasoma themanini na nne. Ukasoma themanini na nne tena. Dakika tano baadaye, themanini na tatu na nusu.

“Umeandika?” aliuliza mzee.

“Nimeandika, babu,” alisema Filomena. Hakuwahi kumwita hivyo.

Walikula nyumbani kwao mchana ule, ndizi za kupika na maharage, chai ya mdalasini uliotoka nyuma ya nyumba. Cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa shuka. Mzee aliuliza bila kuzunguka: “Utatuandika?”

“Nitaandika nilichokiona.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akaomba udhuru akaswali. Alipotoka, Bi Semeni alisogea karibu.

“Macho yalipokwenda, mwanangu, alilala ameuelekea ukuta. Wiki tatu. Kula hataki, kunyoa hataki. Nikaanza kwenda mtoni peke yangu, makusudi, ili nimuudhi. Nikirudi nasema kwa sauti, leo thelathini na mbili na nusu. Siku ya nne akanijibu akiwa kule kule ukutani. Akasema haiwezekani, mwezi wa tisa mto ule haujawahi kuzidi thelathini. Nikamwambia basi njoo uhakikishe.” Akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. “Akaja. Ndiyo hivyo mpaka leo.”

Filomena aliandika ripoti usiku uleule, bila kuficha kitu, na asubuhi akampelekea Hosiana. Hosiana aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Kwa hiyo hakubuni.”

“Hakubuni. Namba za tangu mwaka juzi ndizo sahihi kuliko zote za kituo kile.”

“Na zile za tano tano?”

“Zile ni za mzee. Zinafaa, mradi tukumbuke ni za tano tano.”

Hosiana akavaa miwani tena. Kisha akalichukua jalada la kituo cha Mzinzi, akaenda nalo kwa mkuu wa kitengo. Mara ya kwanza alirudi ameambiwa sheria ni sheria. Mara ya pili alikwenda na mchoro wa mafuriko yale, mstari unaopanda na kushuka, nukta ishirini na sita, ambao hakuna kituo kingine cha mlimani kilichokuwa nao. Mara ya tatu Filomena hakujua alisema nini, ila alisikia sauti yake mpaka koridoni. Kituo kikabaki kwenye utafiti, na mkataba ukaandikwa upya ukiwa na majina mawili.

Mwezi wa sita walishuka mjini kuusaini, mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, Bi Semeni gauni alilolishona kwa ajili ya safari. Filomena aliwasomea. Msomaji: Semeni. Msaidizi wa msomaji: Mwinjuma.

“Msaidizi,” alisema mzee. “Baada ya miaka kumi na tisa.”

“Mimi nimekuwa msaidizi karibu miaka miwili bila karatasi,” alisema mkewe. “Ulinisikia nikilia?”

Hosiana, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta faili, akaja akampa mkono Bi Semeni. “Mama, naomba uendelee na nusu,” alisema.

Filomena aliwasindikiza kwa miguu. Kwenye daraja la mto Morogoro Bi Semeni alisimama, akashika vyuma vya pembeni, akachungulia chini ambako watu walikuwa wanafua.

“Na huu nao anausoma nani?”

“Huu una mashine, mama. Inajisomea yenyewe.”

Bi Semeni akautazama mto kwa huruma kidogo.

“Una ngapi?” aliuliza Mzee Mwinjuma.

“Hapa ubao siuoni.”

“Si ukadirie.”

Mkewe akainama juu ya vyuma, akafinya macho, akakaa hivyo muda mrefu, watu wakiwapita.

“Ishirini na saba,” alisema.

“Ishirini na tano,” alisema mzee, akamshika bega, wakaendelea na safari yao wakibishana.