Chupa ya Saa Ishirini na Nne

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshaanza kusahaulika hata na mkewe. Mtaa mzima ulimwita Orijino, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka dukani kwake bila kupewa sifa hiyo. Sufuria, orijino. Pasi, orijino. Hata kamba ya kuanikia nguo, aliyoikata mwenyewe kwa kisu, ilikuwa orijino. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, na mabeseni yaliyoning'inia darini yaliwafanya wateja warefu wanunue wakiwa wameinama. Nyuma ya meza alitundika kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, HAIBADILISHWI, HAIJADILIWI. Makatazo mawili ya kwanza aliyaiga kwa wenzake. La tatu lilikuwa lake, na alilionea fahari.

Siku moja aliingia mkunga mstaafu, mama mfupi aliyetembea kama mtu aliyeitwa wodini. Alitaka chupa ya chai. Dada yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na yeye humwachia chai asubuhi kabla ya kwenda shambani.

"Hii hapa, mama," Orijino akasema, akiifuta vumbi kwa kiwiko. "Inakaa na moto saa ishirini na nne. Ukimimina leo, kesho unapuliza."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini, mama?"

"Hicho ulichosema."

Orijino alikuwa hajawahi kuombwa risiti yenye maneno yake mwenyewe, lakini biashara ni biashara. Akachana kipande cha boksi, akaandika: chupa moja, orijino, moto saa 24. Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Siku ya tatu mama akarudi na chupa, kile kipande cha boksi, na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula.

"Saa mbili asubuhi, inachemka," akasoma. "Saa nne, inanyweka. Saa sita, vuguvugu. Saa nane, baridi; dada yangu aliniuliza kama nimemwekea dawa badala ya chai."

"Umepimaje, mama?"

Akatoa kipimajoto kwenye mkoba. Orijino akaelekeza kidole kwenye kibao, taratibu, kama anayemwonyesha mgeni njia.

"Nimekisoma," mkunga akasema. "Hicho umekiandika wewe. Sheria hukuiandika wewe."

"Mama, kila duka lina kibao kama hiki."

"Basi kila duka lina kazi ya kukishusha. Mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulitoka unapiga kelele na mpaka leo hujanyamaza. Siondoki."

Akaketi kwenye kigoda cha wateja, mkoba magotini. Hakugombana wala hakupaza sauti. Lakini kila aliyeingia alisalimiwa, akaulizwa hali ya watoto, kisha akaulizwa anachonunua. Akaja fundi cherehani kutaka pasi.

"Umeiona ikiwaka?" mkunga akamuuliza.

Orijino akalazimika kuichomeka. Ikawaka, naye akashusha pumzi kuliko mnunuzi. Akaja mwalimu kutaka kikaango kisichoshika chakula.

"Hakishiki kabisa?" mkunga akauliza kwa upole.

Orijino akafungua mdomo kusema hakishiki maisha. Akautazama ule mkoba. "Ukikisugua kwa waya wa kusugulia sufuria kitashika," akasema, akajishangaa mwenyewe. Mwalimu akamshukuru kwa kumwambia, akanunua viwili.

Kelele zilipotoweka dukani, mke wa Orijino, aliyekuwa akishona mapazia chumba cha nyuma, akatoka kuona kama mumewe mzima. Akamwamkia mkunga, akasikiliza kisa chote, akasoma kile kipande cha boksi mara mbili.

"Hii sahihi ni yako?" akamuuliza mumewe.

"Inafanana na yangu."

Mke alivuka barabara mpaka ofisi ya soko, akarudi na afisa biashara, mtu wa makamo aliyezungumza polepole utadhani kila neno anatozwa.

"Kibao hakikusaidii," afisa akamwambia Orijino. "Mtu akibadili mawazo tu, hapo unaweza kumkatalia. Lakini kitu kikiwa kibovu, au hakifanyi ulichomwahidi, ana haki. Utengeneze, au ubadilishe, au umrudishie pesa yake. Na ulichosema wakati wa kuuza ni ahadi. Wewe umeiandika kabisa."

"Na mimi? Sina haki yoyote?"

"Unayo. Unaruhusiwa kukikagua kwanza. Kama yeye ndiye aliyekiharibu, si lako hilo."

Orijino akapata nguvu mpya. Akachemsha maji mbele ya mashahidi, akajaza chupa saa nne kamili, akaiweka katikati ya meza. Afisa akarudi ofisini, mke akarudi kwenye mapazia. Mkunga akasinzia kigodani bila kuuachia mkoba. Orijino aliizunguka ile chupa kama baba anayesubiri nje ya chumba cha kujifungulia.

Saa nane afisa akaja. Mkunga akaamka, akazamisha kipimajoto, akasoma, akamkabidhi Orijino. Hakukuwa na haja ya kusoma. Mtoto mchanga angeweza kuogeshwa kwa maji yale.

Orijino akaigeuza chupa, akachungulia kioo cha ndani, akakagua kizibo. Ghafla uso ukamng'aa.

"Mpira uko wapi? Hapa kwenye kizibo huwa kuna mpira wa kuzuia mvuke. Mama, umeutoa."

"Sijauona mpira tangu nilipoinunua."

"Kila chupa ina mpira, mama. Ngoja nikuonyeshe."

Akashusha chupa mpya kutoka rafuni, akaifungua. Haikuwa na mpira. Akashusha ya pili. Ya tano aliifungua akiwa amekaa chini. Boksi zima halikuwa na mpira hata mmoja, na kutoka boksi hilo alikwishauza chupa saba.

"Pole, mwanangu," mkunga akasema, na alimaanisha. "Sasa twende kwa aliyekuuzia wewe."

Muuzaji wa jumla alikuwa bwana mpana aliyewahudumia watu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Alisikia habari ya mipira, akaelekeza kidole ukutani, ambako kulikuwa na kibao kikubwa kuliko cha Orijino, cha kuchapishwa, chenye fremu.

"Hicho umekiandika wewe," Orijino akasikia sauti yake ikisema. "Sheria hukuiandika wewe."

Mkunga akakohoa kidogo na kuvuta kiti. Alipoanza kuwasalimia wateja wa bwana yule mmoja mmoja, na kuwauliza wamekuja kununua nini, mfuko wa mipira ya vizibo ulipatikana stoo kwa haraka ya ajabu.

Chupa ya mkunga ikatiwa mpira, ikapimwa upya, ikakaa na moto kwa muda wa saa kumi na moja. Alimwambia hizo zinamtosha dada yake, ila asizitaje tena ishirini na nne. Zikabaki chupa sita mitaani. Hakuna sheria iliyomtaka azifuate mlango kwa mlango, lakini mkewe alimtaka, na mke yuko karibu kuliko mahakama. Orijino akatia mipira mfukoni, akaanza kuzunguka. Wanne walimshukuru. Wa tano alimwonyesha chupa yake imejaa mbegu za mchicha, akamwomba asiisogeze.

Wa sita alikuwa mlinzi wa lango la shule. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiikumbatia chupa yake.

"Kwa hiyo ukitia huo mpira, chai itakuwa ya moto?"

"Ya moto kabisa."

"Basi usiutie. Mimi mwalimu mkuu akipita lazima nisimame. Nitapuliza saa ngapi? Hii inapoa yenyewe, nikipata upenyo naigugumia yote. Nimewasifia wenzangu kwamba dukani kwako kuna chupa za kupoza."

Orijino alitafuta kichwani afisa alisemaje kuhusu mteja aliyeridhika na kitu kibovu, asikumbuke. Akamwekea mpira kiganjani, endapo atabadili mawazo. Mlinzi akautia kwenye mfuko wa shati, akamsogezea benchi na kummiminia kikombe cha chai. Orijino akainywa yote kwa mkupuo, vuguvugu, bila kupuliza.