Ratili Kumi na Nane

Kwa miaka miwili Kipkemboi aliendesha Landrova ya idara ya afya kati ya Lodwar na Kakuma, leo kwenda, kesho kurudi, na katika miaka hiyo yote alimwona mkewe mara tatu tu. Chelangat alikuwa mwalimu kule Nandi, ambako nyasi za asubuhi hulowesha viatu hadi soksi. Kipkemboi aliukumbuka umande huo kila alfajiri, alipopiga magoti kando ya gari kupima upepo wa matairi kabla jua halijayachemsha.

Barabara ile ilimsumbua kwa namna mbili. Kulikuwa na kokoto nyeusi zenye makali kama mashoka. Hizo zilitaka tairi lililojaa, la sivyo zingelichana ubavuni. Kisha, bila kukuonya, ilikuja laga, mto mkavu wa mchanga laini kama unga, nao ulitaka tairi lililolegea na kutanuka. Ukiingia na tairi gumu, gari lilizama hadi tumboni. Dereva anayepita mara moja kwa mwezi angeweza kutoa upepo kila laga na kuujaza tena ng'ambo. Anayepita kila siku na pampu ya mguu angezeekea njiani. Kwa hiyo Kipkemboi alitafuta kipimo cha kati. Alichana matairi mawili, akazama mara asizoweza kuzitaja mbele ya mkubwa wake, akaandika kila kitu kwenye daftari hadi akafika: ratili ishirini na nne za upepo mbele, ishirini na nane nyuma, zipimwe tairi likiwa baridi. Mchana joto lingezipandisha zenyewe, naye alijifunza kutozigusa; ukiutoa upepo wa mchana, asubuhi utakuta tairi limelala.

"Dereva," Lokeno alimcheka, "wewe unapima hii tairi kama mama anapima homa ya mtoto." Lokeno alikuwa mtumishi wa zahanati ya Kakuma, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyesafiri naye daima ili kutafsiri na kusaidia kusukuma.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na sita, barua ilifika. Kaka yake Chelangat alikuwa na lori, na alikuwa analeta mahindi Lodwar. "Nitapanda naye," Chelangat aliandika. "Tutafika Ijumaa asubuhi. Lori litapakia ngozi na kugeuka siku hiyo hiyo saa nane mchana, kwa sababu ni lazima tuuwahi msafara unaolindwa na askari pale Kainuk Jumamosi, na Jumatatu shule zinafunguliwa. Ni nusu siku tu. Lakini nusu siku si haba."

Kipkemboi aliisoma barua hiyo hadi mikunjo yake ikaanza kutoboka. Alhamisi ilikuwa zamu ya kupeleka chanjo Kakuma, na chanjo haingoji. Alipiga hesabu: akiondoka Kakuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kipimo chake na mwendo wake, saa tano angekuwa Lodwar. Angebaki na saa tatu za kukaa na mkewe. Usiku wa Alhamisi, kule Kakuma, hakulala vizuri kwa kupanga atakachomwambia kwanza.

Ijumaa, injini ikiwa tayari inanguruma, Sista Bilha, muuguzi wa zahanati, alitoka mbio akishika kilemba chake.

"Kipkemboi, ngoja! Kuna mama amekuwa na uchungu tangu juzi. Mtoto amelala vibaya. Mimi siwezi, anayeweza ni daktari wa Lodwar tu."

Walimleta kwenye blanketi. Jina lake Akai, msichana wa miaka kama ishirini, shanga za shingoni zimelowa jasho. Walimlaza nyuma juu ya godoro, Sista Bilha akaketi kichwani pake. Kipkemboi alifunga mlango akajiambia: vizuri, wote tunahitaji kufika haraka.

Maili kumi za kwanza alikimbia. Kisha kokoto zikaanza. Matairi yaliruka juu ya kila jiwe na kutua kama nyundo, na kila yalipotua Akai alitoa sauti. Mwanzoni ilikuwa kilio. Baadaye ikawa mguno mfupi, kama wa mtu aliyechoka hata kulia, na mguno huo ndio uliomwingia Kipkemboi mgongoni.

"Sista, anaendeleaje?"

"Anatoka damu kidogo," Bilha alijibu. "Ukiendelea kumrusha hivi, sijui kama tutamfikisha."

Kipkemboi alisimamisha gari. Alitazama saa yake: saa moja na robo. Alishuka, akachutama kwenye gurudumu la mbele na kushika kifuniko cha valvu, lakini mkono haukufungua. Alijua vizuri anachotaka kukifanya. Akiyalegeza hadi ratili kumi na nane, matairi yangeyameza mawe badala ya kuruka juu yake. Lakini tairi legevu juu ya kokoto ni lazima litambae, mwendo wa baiskeli, la sivyo linachanika. Asingefika saa tano. Huenda asingefika hata saa nane.

Lokeno alisimama kando yake. Alijua habari za barua. Lodwar nzima ilijua.

"Bibi yako atangoja," alisema.

"Lori halitangoja, mzee."

Ndani ya gari Akai aliguna tena. Kipkemboi akafungua kifuniko, na upepo ukaanza kutoka.

Walitambaa. Jua lilipanda, likakaa juu ya bati la gari. Karibu na laga ya tatu tairi moja legevu liliteleza kwenye rimu yake likang'oa valvu ya tyubu, wakabadilisha gurudumu huku Bilha akimwekea Akai maji mdomoni kwa kitambaa. Saa tano ilipofika Kipkemboi aliiona kwenye saa yake, akavuta mkono wa shati kuifunika. Akilini alimwona Chelangat akishuka kwenye lori, akipangusa vumbi, akiuliza nyumba ya dereva wa afya. Saa sita. Saa saba. Sasa ameketi. Sasa anatazama barabara.

Walifika hospitali saa tisa. Akai alikuwa hai. Walipomwingiza ndani alifumbua macho, akamtazama Kipkemboi kama mtu asiyemfahamu, na kweli hakumfahamu.

Nyumbani kulikuwa kimya. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu hadi zikang'aa. Juu ya kamba, kivulini, mashati yake yote matatu yalikuwa yameanikwa, na alipoyagusa, kola za mawili kati yake zilikuwa bado na unyevu. Kwa joto la Lodwar shati halikai na maji hata kwa saa mbili.

"Umekawia wapi, baba?" Mugure, jirani yake mwenye duka, alimwita kutoka uani. "Amekungoja hadi kaka yake akapiga honi mara tatu. Hakukasirika. Aliniambia nikuambie una mashati mabaya."

Kipkemboi alivua shati moja kambani akakaa nalo kizingitini. Landrova ilisimama mbele yake. Angeweza kuyajaza matairi na kulifuata lori. Kwa muda mrefu aliangalia barabara ya kusini. Lakini mafuta yalikuwa ya serikali, na huenda daktari angeuhitaji mkono wake au gari lake kabla ya jua kutua. Aliliweka shati usoni. Lilinuka sabuni, na kidogo moshi wa kuni za kwao.

Akai alipasuliwa jioni ile akajifungua binti. Lokeno alipita kumwambia, akaketi naye kizingitini.

Kipkemboi aliandika barua ndefu akieleza kila kitu, kokoto, upepo, mguno. Jibu lilifika baada ya majuma matatu. Chelangat hakuzungumzia kungoja kwake. Aliuliza kama yule mama anaweza kutembea, na kama mtoto ananyonya. Kisha akaandika kwamba kaka yake anataka kujua kama ratili hizo zinafaa pia kwa lori lililobeba ngozi. "Shule zikifungwa Desemba nakuja na sanduku. Safari hii nitatafuta gari lisilogeuka."

Kesho yake Kipkemboi alikwenda kwa seremala wa sokoni kuulizia kitanda kipana. Seremala akamwambia mbao hutoka Kitale, na lori la mbao halijulikani litakuja lini.

"Basi andika jina langu," Kipkemboi alisema.